Nyumba ya Miti si Aibu

Wakristu wenzangu wa Kalemie, nani aliyetufundisha kwamba nyumba ya miti na udongo ni nyumba ya mjinga? Baba wa jamaa anakopa feza kwa riba, anajenga kuta za matofali mabichi pasipo msingi, juu anaweka mabati mapya ili majirani waone. Kisha watoto wanalala njaa kwa ajili ya deni. Yule mjenga mnara wa Injili ya Luka aliambiwa aketi ahesabu gharama; hakutumwa kwa mkopeshaji.

Tena tarehe 5 Desemba 2005 nchi ilitetemeka, na kuta za matofali ya udongo zilianguka hapa kwetu. Nguzo ngumu zilizochimbiwa sana na kufungwa vema kwa fito huyumba. Udongo ukibanduka, unakandika tena.

Mtasema: na mchwa? Ndiyo, mchwa hula. Basi choma miguu ya nguzo motoni kabla ya kuichimbia, zungusha mawe chini, refusha paa mvua isifike ukutani. Mawe hayadai riba. Jenga chumba kimoja mwaka huu, cha pili mwaka ujao. Shemeji zako watakandika kwa bukari na ndakala. Lakini kaa mbali na ufuko: mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia nyumbani mwa watu, wenye simenti na wasio nayo.