Mnanichosha na Lile Shati

Jamani, hivi Colin Firth hana kingine? Akitajwa tu, mtu anadakia: Darcy, ziwa, shati lililolowa! Tamthilia nzima ya BBC ya 1995, *Pride and Prejudice*, vipindi sita, mmebaki na maji tu. Ifungueni basi riwaya ya Jane Austen ya 1813. Darcy haogelei popote. Ziwa ni utundu wa Andrew Davies, aliyeiandikia televisheni.

Firth alikuwa sinemani tangu 1984 bila makelele haya. Kilichompandisha, nasema mimi, ni kimya. Mtazameni anapokwenda kumposa Elizabeth mara ya kwanza: anakaa, anainuka, anazunguka, maneno yamemkwama kooni. Halafu Pemberley, dada yake yuko kwenye piano, jamaa anamwangalia Elizabeth tu. Neno hata moja! Na tumeelewa yote. Sisi waandishi wa michezo tungemtwisha kurasa tatu za kujieleza, ndiyo maana waigizaji wetu wanahutubia.

Na tuzo ya BAFTA ya 1996 ilikwenda kwa Jennifer Ehle, Elizabeth mwenyewe, aliyeangaliwa vile. Yeye mbona hamumtaji?