Mgeni Njoo, Mhudumu Naye Apone

KILA ifikapo Desemba, mabasi huingia Bukoba yakiwa yamejaa wana wa Kagera warejeao nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Makanisa hufurika, ndizi hupikwa, na familia hukutana. Wazee walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika migahawa ya Hamugembe yumo binti wa Muleba abebaye sinia tarehe 25 Desemba tangu alfajiri hadi usiku. Aliyetoka Dar es Salaam amefika kwao. Yeye ambaye kwao si mbali hakufika. Je, mwenyeji huyu naye hupona?

Wapo wasemao kwamba migahawa yote ifungwe siku hiyo. Rai hiyo ina huruma, lakini haitazami mbali. Msafiri ashukaye katika basi hana jiko. Muuguzi wa zamu na askari wa lindo nao hula. Isitoshe, mhudumu alipwaye kwa siku akifungiwa mlango hukosa riziki.

Kwa hiyo, linalopaswa kupingwa si kazi yenyewe. Ni desturi ya kuihesabu Krismasi kama siku yoyote nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 25, imetamka wazi: afanyaye kazi katika sikukuu ya kitaifa atalipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi. Hiyo ni amri, si hisani. Sahani ya pilau na soda ya bure havitoshi kuwa malipo, wala bakshishi ya mteja haifuti deni la mwajiri.

Zamu nazo zinaweza kupangwa kwa haki. Bukoba ni mji wa Wakristo na Waislamu. Mwislamu akishika zamu ya Krismasi, Mkristo akamshikia ya Idi, kila mmoja atapata siku yake. Palipo na Wakristo watupu, siku igawanywe: mmoja asali asubuhi, mwingine apumzike jioni. Na ratiba itangazwe mapema, si usiku wa mkesha.

Ndugu watumishi wa umma na walimu, jambo hili linatuhusu. Siku hiyo tumepumzika bila kukatwa hata senti, na mara nyingi ni sisi tuketio mezani tukiitisha huduma kwa ukali. Sisi tunazijua sheria. Yule binti, pengine asiye na mkataba wa maandishi, huogopa hata kuuliza. Tumweleze haki yake. Tumwonyeshe ilipo ofisi ya Ofisa Kazi, na tumjulishe kwamba wafanyakazi wa hoteli wana chama chao, CHODAWU. Na mwenye mgahawa tumwulize bila kificho: je, leo umewalipa mara mbili?

Sherehe isiyomlipa aliyeipika ni dhuluma iliyovikwa nguo mpya. Wageni na waje Bukoba. Lakini mwenyeji apone kweli.