Toleo jipya la programu lisimtie hasara mfanyabiashara

Bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 za Marekani kwa paundi mwezi Februari 2025, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Kwa hesabu hiyo, kilo 60 zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 529. Bei zinapopanda hivyo, kosa la tarakimu moja si dogo tena, hata kwa wanunuzi wa Kalinzi, mkoani Kigoma, ambako arabika ndiyo zao la biashara.

Karani aliyezoea kompyuta hujipangia njia zake za mkato. Hubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja, uzito ukajumlishwa na malipo ya mkulima yakaonekana. Vidole vimekariri, macho yanabaki kwenye mizani.

Tatizo huanza pale toleo jipya la programu linapojiingiza usiku na kufuta mipangilio hiyo. Asubuhi wakulima wako kwenye foleni, karani anabonyeza kama jana, kompyuta inafanya jambo lingine. Kitufe kisichofanya kazi humchelewesha tu. Kinachofanya kazi nyingine kimyakimya ndicho kinachoharibu hesabu.

Hata vitufe vilivyopangwa na kampuni yenyewe havitulii. Katika Windows 10, kitufe cha Windows pamoja na herufi C kiliita msaidizi aitwaye Cortana. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, vitufe hivyo vikafungua maongezi ya Teams. Mwaka 2023 vikapewa Copilot. Ni dhahiri kuwa anayeamua ni muuzaji, na gharama ya kujifunza upya hubebwa na mteja.

Hata hivyo, kukataa matoleo mapya si dawa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivamia kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Marekebisho ya kukizuia Microsoft ilikwisha kuyatoa Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao hawakuyaweka.

Kinachotakiwa ni utaratibu. Watengenezaji wa programu wanapaswa kuiheshimu mipangilio ya mteja kama mali yake, na kumuuliza kabla ya kuigusa. Mfanyabiashara naye asisubiri hisani. Aandike njia zake za mkato kwenye karatasi na kuibandika karibu na mashine. Anayetumia Word anakili faili la Normal.dotm, ambamo vitufe alivyojipangia huhifadhiwa. Windows humruhusu kuahirisha marekebisho kwa muda. Basi ayaweke siku isiyo ya ununuzi, kisha arudie hesabu ya jana na kulinganisha majibu kabla ya kupokea kilo hata moja.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi vitufe navyo ni sehemu ya daftari.