Dawa ya deni la kompyuta ni kulipa

Mwekezaji mdogo anapofungua mizania ya kampuni huangalia faida, madeni na gawio. Lipo deni moja ambalo mizania haionyeshi, nalo ni programu za kompyuta zilizoandikwa kwa lugha ambayo watunzi wake wamekwisha kuiacha.

Mfano ulio wazi ni Python. Toleo la 3 la lugha hiyo lilitoka Desemba 2008, nalo halikupatana na toleo la 2. Huduma kwa toleo la zamani ilipangwa kukoma 2015, lakini watumiaji wengi walikuwa hawajahama, hivyo ikasogezwa hadi Januari 1, 2020. Tangu siku hiyo, tundu la usalama likigunduliwa, watunzi hawalizibi tena.

Mzigo uliwaangukia waandaaji wa mifumo endeshi. Debian, mfumo unaotolewa bure, hupanga programu katika vifurushi vinavyotegemeana kama duka la rejareja linavyomtegemea muuzaji wa jumla. Kila kifurushi kilichoitegemea Python 2 kilipaswa kuhamishwa au kuondolewa. Debian 11 ya mwaka 2021 ilikuwa bado na mabaki. Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo iliyotoka bila Python 2. Kampuni ya Red Hat, inayowatoza wateja wake ada, iliitunza katika toleo lake la 8 hadi Juni 2024.

Wapo mameneja wanaosema mtambo unaofanya kazi usiguswe. Hoja hiyo ni dhaifu. Siku mfumo endeshi utakapolazimika kubadilishwa, gharama yote itadaiwa kwa mkupuo.

Aidha, kuhama kwa pupa nako kuna hasara. Ukigawanya 7 kwa 2, Python 2 hujibu 3, na Python 3 hujibu 3.5. Hesabu ya riba au gawio inaweza kubadilika bila kompyuta kutoa onyo lolote.

Kwa hiyo wenye hisa waulize mambo matatu kwenye mkutano mkuu: ni programu zipi zinategemea lugha iliyoachwa, nani anazitunza, na fungu gani limetengwa kuzihamisha na kuzikagua. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili huwa nafuu kwa anayelipa kidogo kidogo.