Nani Aliliziba Tundu la Waya?

Msomaji mpenzi, ukirudi nyumbani leo jioni, hebu inua macho utazame mahali nyaya za umeme zinapotoka koridoni kuingia nyumbani kwako. Huenda ukaona tundu la kutosha ngumi, na nyaya mbili tatu tu zimepita humo. Fundi alitoboa, akapitisha waya wake, akalipwa, akaenda zake. Je, nani aliliziba tundu hilo?

Utaniambia kwamba ukuta ni wa mawe na mawe hayaungui. Ni kweli. Ukuta uliojengwa vyema huweza kuuzuia moto kwa saa moja au mbili, muda wa kutosha kuwaamsha watoto na kuteremka ngazi. Lakini penye tundu, moshi huingia kwa jirani mapema, na moshi huua wengi kabla moto wenyewe haujawafikia. Isitoshe, ngozi ya waya ni plastiki. Ikiungua, tundu hupanuka zaidi.

Wamarekani walilijua hili mnamo Machi 22, 1975, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama. Wafanyakazi walikuwa wakikagua kama hewa inapenya kwenye tundu la ukutani lenye nyaya. Kifaa chao kilikuwa mshumaa! Mwali ukiyumba, wangejua hewa inapita. Kumbe tundu lilizibwa kwa sponji ya plastiki. Hewa ikauvuta mwali, sponji ikashika, na moto ukavuka hadi upande wa pili wa ukuta. Uliwaka kwa takriban saa saba, ukaharibu nyaya zaidi ya 1,600. Mitambo miwili ya nyuklia ikalazimika kuzimwa. Kwa bahati njema, hakuna aliyekufa. Mwaka wa 1980, kanuni kali zaidi za kukinga moto katika vituo vya aina hiyo zikatolewa nchini humo.

Kwa hivyo, kuziba ni jambo moja, na kuziba kwa nini ni jambo jingine. Magazeti, matambara na sponji ni kuni tu. Kinachofaa ni saruji, pamba ya mawe, au ile dawa maalum ya kuzibia ambayo hufura inaposhika joto, ikajaza nafasi iliyoachwa na plastiki iliyoyeyuka. Kizibo chapasa kustahimili moto kwa muda ule ule wa ukuta. Na kila waya mpya wa runinga au wa intaneti unapopitishwa, tundu huzibwa upya.

Usijaribu kuchokorachokora nyaya hizo mwenyewe, maana umeme hauna rafiki. Mwone mwenye nyumba, naye amwite fundi anayeijua kazi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku fundi atakaponyoosha mkono apokee pesa zake, mwulize kwanza: umeziba? Na umeziba kwa nini?