Begi la mtoto lisilale kwenye buti

Basi liliondoka Dar es Salaam saa 12 asubuhi likielekea Mbeya. Mama alikuwa na watoto wawili: binti wa miaka sita mwenye pumu na mdogo wake wa kiume wa miezi minane. Alikuwa amejiandaa vizuri tu. Uji wa mtoto ulikuwa kwenye chupa ya chai, maji lita moja na nusu, nepi nne, na begi kubwa lenye kila kitu kingine, dawa zikiwemo. Kondakta alilipokea begi hilo stendi akalisukuma ndani ya buti pamoja na mizigo ya wengine.

Saa 8 mchana, baada ya kuipita Ruaha Mbuyuni, basi likasimama. Juu, kwenye mlima Kitonga, lori la mizigo lilikuwa limelala katikati ya barabara. Kwa anayeijua njia hiyo si habari ngeni. Kona ni kali, mwinuko ni mrefu, na lori moja likikwama pale, foleni hushuka hadi bondeni. Abiria wakateremka, wakanyoosha miguu, wakapiga simu nyumbani wakisema ni suala la nusu saa.

Basi liliondoka saa 5 usiku.

Kilichotokea katikati ndicho mzazi anapaswa kukifikiria kabla hajakata tiketi. Ilipofika saa 12 jioni, malori yaliyokuwa kwenye foleni yalikuwa yakiwashwa na kuzimwa, moshi wa dizeli umetanda, na vumbi haliishi kutimka. Binti akaanza kukohoa. Baadaye kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama akamfuata kondakta.

"Kaka, naomba unifungulie buti. Dawa ya mtoto imo kwenye begi langu."

"Dada, begi lako liko ndani kabisa. Tulipakia magunia pale Morogoro, yamekaa mbele yake. Vumilia kidogo, tunaondoka sasa hivi."

Bibi mmoja aliyekaa kiti cha pili akaingilia. "Mwanangu, mtoto wa watu hapumui vizuri, wewe unamwambia avumilie? Fungua."

Magunia yakashushwa moja moja kando ya barabara kwa mwanga wa simu za abiria. Zilipita dakika 25 kabla begi halijaonekana. Binti alivuta dawa, akatulia, akalala mapajani mwa yule bibi. Mdogo wake kwa upande wake alikuwa akilia njaa, kwa sababu uji uliopikwa alfajiri ulikuwa umeanza kunukia uchachu.

Ukitazama vizuri, mama huyu hakusahau kitu. Dawa ilikuwepo, sweta zilikuwepo, hata nepi za akiba zilikuwepo. Tatizo lilikuwa mita chache kati ya kiti na buti. Wazazi wengi hupanga safari kwa kufikiria watakachohitaji wakifika, na begi la safari hufungwa kwa hesabu ya nyumbani kwa babu na bibi, si kwa hesabu ya saa tisa kando ya barabara.

Wiki mbili baadaye, wakirudi Dar es Salaam, mama alikuwa na begi la pili, dogo, la mgongoni, lililokaa chini ya miguu yake. Hesabu aliyotumia ni rahisi: muda wa safari, mara mbili. Kama njia ni saa 13, chakula, maji na dawa vilivyo mkononi viwe vya saa 26.

Dawa ndiyo ilitangulia. Inhela, ile pampu ya kuvuta, haikuingia hata kwenye begi. Ilikaa kwenye pochi ya kiunoni. Mtoto mdogo huwa hawezi kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, ndiyo maana kliniki humpa kifaa cha plastiki kinachoitwa spesa. Kama hakuna, chupa safi ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu linaloibana pampu bila kuacha mwanya, hufanya kazi hiyo. Dawa hupulizwa ndani, mtoto akavuta na kutoa pumzi taratibu mara kadhaa kupitia mdomo wa chupa. Ni vyema chupa hiyo itengenezwe nyumbani na kuonyeshwa kwa mhudumu wa afya kabla ya safari. Kando ya barabara usiku, huku watu wamekuzunguka wakitoa ushauri, si mahali pa kutafutia wembe.

Na kama mtoto anashindwa kumaliza sentensi kwa sababu ya kutweta, mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, au midomo inabadilika rangi, hapo foleni haina tena maana. Aendelee kupewa dawa huku akitafutiwa gari lolote, hata pikipiki, la kumpeleka kituo cha afya kilicho karibu. Kwenye foleni ndefu, msaada mara nyingi uko nyuma mlikotoka, siyo mbele mnakokwenda.

Wenye watoto wanaotumia dawa kila siku, iwe ya kifafa, ARV, au ya selimundu, wana sababu kubwa zaidi ya kuzibeba mkononi. Dozi moja ya kifafa ikirukwa inaweza kuleta degedege ndani ya basi. Mtoto mwenye selimundu huumizwa na vitu viwili ambavyo safari ya Kitonga inavyo vyote kwa siku moja: kukosa maji ya kutosha kwenye joto la bondeni, kisha baridi ya Iringa usiku. Fulana iliyomtosha alipoondoka Dar es Salaam asubuhi haimtoshi saa 6 usiku. Sweta, soksi na kitenge kizito vikae juu, karibu.

Kwa anayetumia insulini, aina nyingi zikishafunguliwa hukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Buti la basi lililosimama juani linavuka hapo bila shida, na hata dashibodi vilevile. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikafungwa kuzunguka kichupa kilichomo kwenye mfuko mdogo, kinasaidia. Isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika.

Sasa maji. Hapa kuna tabia ambayo wazazi wengi wataitambua: mtoto ananyimwa maji njiani ili asisumbue kutaka kuchimba dawa. Kwenye safari inayokwenda kwa ratiba, labda atafika na kiu tu. Kwenye joto, gari limesimama, madirisha hayaingizi upepo, mtoto huyo anaanza kuishiwa maji mwilini bila hata kuharisha. Mdomo unakauka, analia bila machozi, macho yanaingia ndani, na anakaa saa sita au zaidi bila kukojoa. Akianza kuwa mlegevu na kusinzia kusiko kwa kawaida, hali ni mbaya. Dawa ya usumbufu wa haja ndogo ni kopo lenye mfuniko mkali, au nepi hata kwa mtoto aliyekwisha kuziacha. Hakuna wa kumcheka gizani.

Pakiti mbili za ORS hazina uzito. Ila zina kosa moja linalorudiwa sana: pakiti ya kawaida huchanganywa na maji lita moja kamili, lakini kwenye basi watu wengi wana chupa ya nusu lita, basi wanaimimina yote humo. Chumvi inakuwa nyingi kupita kiasi, na hiyo ni hatari kwa mtoto mdogo. Zipo pia pakiti ndogo za vipimo vingine, kwa hiyo kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kisomwe kwanza. Kilichochanganywa hutumika ndani ya saa 24, kisha humwagwa.

Kuhusu chakula, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu zaidi ya maziwa ya mama, na huyo kwa kweli ndiye msafiri rahisi kuliko wote, ili mradi mama mwenyewe anakunywa na kula. Anayetumia maziwa ya kopo abebewe unga mkavu uliopimwa tayari, na maji yaliyochemshwa yakiwa moto kwenye chupa ya chai. Achanganyiwe anapotaka kunywa, na yanayobaki yamwagwe. Uji na vyakula vilivyopikwa huanza kuwa na mashaka baada ya saa mbili nje ya friji, na kwenye joto kali baada ya saa moja tu, isipokuwa chupa ya chai iwe inavitunza vya moto kabisa. Uvuguvugu ndio unaopendwa na bakteria.

Ndiyo maana kwenye begi la kurudi mama aliweka vyakula vyenye ganda lake: ndizi mbivu na parachichi, pamoja na kijiko. Parachichi likipasuliwa na kupondwa kwenye kikombe ni chakula kizuri cha mtoto wa miezi minane, na lisipopasuliwa halichachi. Kwa binti aliweka mkate na biskuti. Korosho na karanga wanazouza dirishani zinavutia, lakini punje nzima ni hatari ya kupalia kwa walio chini ya miaka mitano, hasa ndani ya gari linaloruka kwenye mashimo.

Kuna jambo moja lisilozungumzwa sana. Baadhi ya wazazi huwapa watoto dawa za mafua au za kuzuia kutapika ili walale njia nzima. Promethazine, ambayo hupatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Dozi iliyotolewa saa 12 asubuhi ikarudiwa jioni kwa sababu basi limekwama ni hatari maradufu. Paracetamol nayo hupimwa kwa uzito wa mtoto, si kwa umri wa kukadiria, na isirudiwe kabla ya saa nne wala kuzidi mara nne kwa siku nzima. Uzito wa mwisho uko kwenye kadi ya kliniki. Kadi hiyo ipigwe picha ikae kwenye simu, pamoja na kadi ya bima na majina ya dawa zote. Mganga wa zahanati ya njiani hamjui mtoto wako.

Simu yenyewe ni sehemu ya maandalizi. Abiria wengi huimaliza chaji kwa video kabla ya saa 7 mchana, na jioni ndipo wanapoihitaji kama tochi, kama benki na kama njia ya kuomba msaada. Pawabenki iliyojazwa usiku wa kuamkia safari inatosha. Namba za kuhifadhi kwa Tanzania ni chache: 112 ya dharura, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 116 ya huduma kwa mtoto, na 115 ya mfumo wa m-mama, unaotafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Hiyo ya mwisho bado wajawazito wengi hawaijui. Mjamzito pia asikae kitini saa zote hizo. Ateremke na kutembea kila baada ya saa moja au mbili, maana damu huganda kwa urahisi zaidi kwenye miguu ya anayekaa muda mrefu, na ujauzito unaongeza hatari hiyo.

Watoto wanapoteremka kwenye msongamano, hasa giza likishaingia, namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, juu kidogo ya kiwiko, ambapo jasho halifuti haraka. Jioni wavalishwe mikono mirefu na kupakwa dawa ya kufukuza mbu. Mbu wa malaria huanza kazi jua likizama, na gari lililosimama bondeni ni karamu.

Saa tisa za Kitonga si kipimo cha juu. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga, wilayani Kilwa, waliokwama walihesabu siku. Katika hali kama hiyo begi la mkononi haliwezi kutosha, na linalobaki ni uamuzi. Wakati wa masika, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe jioni ya kabla ya safari, na tiketi iahirishwe kama kuna tahadhari ya mvua kubwa kwenye njia hiyo, hata kama shangazi ameshachinja kuku. Maji ya kunywa ya eneo lililofurika yasiaminiwe mpaka yachemshwe au kutibiwa kwa vidonge vya kusafishia maji. Karatasi moja ya vidonge hivyo inaingia kwenye mfuko wa shati.

Siku ile ya kurudi, stendi ya Mbeya, kondakta alinyoosha mkono kulichukua begi dogo.

"Dada, hilo nalo tuliweke chini, humu ndani patabana."

"Kaka, chukua hilo kubwa. Hili ni la dawa."

Alilitazama kidogo, kisha akalisogeza kwa mguu chini ya kiti.

Kabla ya safari nyingine, mambo matatu hukaguliwa kwenye begi la aina hii: tarehe ya mwisho ya dawa, idadi ya mipulizo iliyobaki kwenye inhela, na kama nepi bado zinamtosha mtoto. Hilo la tatu hubadilika upesi kuliko yote.