Picha ya babu: punguza nakala, faili mama libaki

Zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya ibada ya kumbukumbu ya babu huko Butiama, kijana aliyemaliza kidato cha nne mjini Musoma alikamilisha kazi aliyopewa na ukoo: kusafisha picha ya zamani ya babu, iliyochanika pembeni na kuharibiwa na unyevu, ili ichapishwe na kuwekwa kwenye fremu.

Ilimchukua jioni tatu. Aliipanga kwa tabaka, zile ambazo mafundi wa studio huziita leya: tabaka la uso, la koti, la mandhari ya nyuma, na juu kabisa jina na miaka ya babu. Ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukirekebisha moja, nyingine hazidhuriki.

Shida ikawa kuituma kwa shangazi aliyeko Bunda, ambaye ndiye angeipeleka kuchapwa. Faili lilizidi MB 200 na bando lilikuwa dogo.

"Mama, faili limegoma kwenda."

"Si ulipunguze tu, mwanangu," mama alijibu akigeuza sato kwenye kikaango.

Kijana akatii. Akaunganisha tabaka zote kuwa moja, akahifadhi juu ya faili lilelile, akatuma, akazima kompyuta.

Baada ya nusu saa shangazi akapiga simu. "Wifi, picha ni nzuri, lakini mwaka wa baba mmekosea. Alizaliwa 1941, siyo 1947."

Mwaka ulikuwa umeandikwa juu ya koti. Sasa tarakimu na koti vimekuwa kitu kimoja, na ukifuta tarakimu unatoboa koti.

Uzito wa faili kama hilo una hesabu yake. Picha ya A4 kwa ubora wa kuchapisha ina nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Tabaka moja lililojaa rangi hubeba takriban MB 26 kabla ya kubanwa. Tabaka nane zinapita MB 200.

Mzazi hahitaji kuijua programu ili kumwongoza mtoto. Ayajue haya tu:

1. Kwanza faili linakiliwa na nakala inapewa jina jingine. Faili mama, lenye tabaka zote, linabaki kwenye kompyuta na kwenye flashi.

2. Faili mama nalo linaweza kupunguzwa bila hasara: tabaka zilizofichwa na zisizotumika zifutwe, na sehemu za picha zinazozidi ukingo zikatwe, kwani hubeba uzito hata kama hazionekani.

3. Ziunganishwe zile tabaka zilizokamilika tu. Maandishi yabaki peke yake.

4. Nakala ya kutuma ihifadhiwe kama JPEG, ambayo haibebi tabaka. Ya kutazamwa kwenye simu, upana wa nukta 1,080 unatosha. Ya kuchapisha ibaki na nukta zake zote, na kwenye WhatsApp itumwe kama hati, kwani ikitumwa kama picha hubanwa na ubora hushuka.

5. Kabla ya kuchapisha, nakala ndogo iwafikie wazee wakague majina na miaka.

Usiku ule kijana alianza upya. Mama hakumgombeza, maana neno "punguza" lilitoka kinywani mwake, na hakuuliza kazi ile inafanywaje. Alivuta kiti, akakaa naye hadi usiku wa manane. Ulipofika wakati wa kuandika mwaka, alimpigia bibi Butiama kwanza.

"Ni 1941," bibi alisema. "Andikeni hivyo."

Asubuhi shangazi alipokea nakala ya MB 3. Faili mama lilibaki Musoma, kwenye flashi, ndani ya kabati la vyeti vya watoto.